Bure haina risiti

Nje ya kiwanda kimoja cha Madison Street, upande wa kaskazini-mashariki wa jiji la Minneapolis nchini Marekani, palikuwa na rundo la kokoto na kibao kilichotangaza kwamba ni za bure. Aliyetaka alichukua. Majirani walikuja na toroli na ndoo, wakabeba za kumwaga kwenye njia ya gari, za kujaza mashimo uani, za kuchanganya na udongo wa bustani. Watoto hawakuhitaji toroli. Kwao rundo lenyewe lilikuwa mchezo: unapanda hadi kileleni, unateleza hadi chini, unarudi nyumbani nguo zimejaa vumbi linalometameta, na mama anakung'uta.

Kiwanda hicho, Western Mineral Products, kilifanya kazi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1989. Mtaa ule ulikuwa wa wafanyakazi, wengi wao wa ukoo wa wahamiaji wa Ulaya Mashariki, watu ambao hawaachi kitu kizuri kioze bure. Kokoto zilikuwa safi machoni, hazina harufu. Waswahili husema bure ghali, lakini hapa hata mjuzi wa methali asingeshtuka, kwa sababu bei ya kokoto zile ilikuja kudaiwa baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini.

Mwaka 2000 serikali ilipoanza kuzitafuta, iligonga mwamba ambao haukuwa wa kisayansi. Bidhaa zilizouzwa zilikuwa na vitabu: tani ngapi, behewa gani, siku gani, kwa nani. Kilichogawiwa bure hakikuwa na kitabu. Hakuna aliyejua nani alichukua, kiasi gani, na alikimwaga wapi. Kwa hiyo kazi ya kusafisha ikaanza kwa kubisha hodi mlango kwa mlango, na watu kutembea uani wameinamisha vichwa, wakitafuta kinachong'aa kwenye udongo.

Bisi na mahindi

Kilichokuwa kikishughulikiwa Madison Street ni vemikulaiti, madini ya jamii ya ulanga. Wakulima wa miche wa kwetu wanaifahamu: ni zile chembe nyepesi za rangi ya dhahabu iliyofifia zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo, ambazo hushika maji kwenye trei bila kugandamana. Inachimbwa hata Afrika Mashariki. Kuna akiba kubwa huko Namekara, mashariki mwa Uganda. Vemikulaiti yenyewe si sumu, na hilo lisemwe mapema ili mwenye kitalu asikimbie kumwaga trei zake.

Tabia yake ndiyo iliyoipa soko. Tabaka zake zimepangana kama kurasa za kitabu, na katikati ya kurasa kuna maji. Ukiitia kwenye tanuri kali, maji hugeuka mvuke, mvuke hutafuta pa kutokea, na kurasa hufunguka kwa nguvu. Punje huvimba kama bisi, mara nane, kumi, wakati mwingine hata zaidi ya ishirini ya ukubwa wake wa mwanzo. Kinachobaki ni kitu chepesi, kisichoungua, kinachozuia joto na baridi. Wamarekani walikimwaga darini ili nyumba isipoteze joto wakati wa theluji, wakakichanganya kwenye plasta, wakakifanya kibebeo cha mbolea.

Sasa, muuza bisi wa Dar es Salaam haagizi bisi kutoka Iringa. Anaagiza mahindi, kisha anakaanga mwenyewe karibu na mteja, maana kusafirisha bisi ni kulipia nauli ya hewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa vemikulaiti. Mgodi ulikuwa mmoja, kwenye mlima karibu na mji mdogo wa Libby, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Montana. Madini mabichi yalipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa kwenye vituo zaidi ya 200 kote Marekani, kila kimoja na tanuri lake karibu na wateja wake. Minneapolis, kwenye njia ileile ya reli inayopita Libby kwenda mashariki, ilikuwa kituo kimojawapo.

Mgodi ule ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Kwa makadirio ya Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, EPA, huenda ulitoa asilimia 80 ya vemikulaiti yote ya dunia wakati wa uhai wake. Ila mlima wa Libby haukubeba vemikulaiti peke yake. Ndani ya mwamba uleule, imesukwa pamoja nayo, kulikuwa na asbesto ya kundi la amfiboli: nyuzi ngumu, nyembamba, zilizonyooka kama sindano. Mgodini walichambua, lakini kuchambua hakukutosha. Mzigo uliofika viwandani ulikuwa bado na asbesto ndani.

Hapo tanuri likafanya kazi nyingine: likapepeta. Vemikulaiti iliyovimba, nyepesi, ilipanda na kukusanywa, ikatiwa magunia, ikauzwa. Mawe yasiyovimba, mazito, yalianguka chini, na asbesto nyingi ikaanguka nayo. Mwanamke anayepepeta mchele hutupa pumba na kubaki na punje. Hapa waliuza kilicho chepesi, na kile kizito, chenye asbesto zaidi, wakakipanga nje na kukiwekea kibao.

Waliojua na walioambiwa

Asbesto si siri ya juzi. Mwaka 1956 mkaguzi wa afya wa jimbo la Montana alikagua kinu cha Libby, akakuta vumbi lenye asbesto na kuandika kwamba ni hatari kwa wafanyakazi. Ripoti ilipelekwa kwa wenye kampuni. Wachimbaji hawakuiona. Ukaguzi uliofuata ulirudia maneno yaleyale. Mwaka 1963 kampuni ya W.R. Grace ilinunua mgodi, ikauendesha hadi ulipofungwa mwaka 1990.

Wakati huo wote vumbi lilikuwa likishuka mlimani. Masalio ya mgodi yalitandazwa kwenye uwanja wa riadha wa shule ya sekondari. Kando ya uwanja wa besiboli wa watoto kulikuwa na marundo ya vemikulaiti, nao walirukia humo baina ya mechi. Wanaume walirudi nyumbani na nguo nyeupe kwa vumbi, wakakumbatia watoto kabla ya kuoga. Gayla Benefield, mwanamke wa Libby aliyekuja kuwa sauti ya mji ule, alimpoteza baba yake aliyefanya kazi mgodini, kisha mama yake, ambaye hakuwahi kushika sururu. Wote wawili waliuawa na ugonjwa wa mapafu. Mama alikuwa amefua nguo tu.

Benefield alilalamika kwa miaka. Mwezi Novemba 1999 gazeti la Seattle Post-Intelligencer, kwa kalamu ya Andrew Schneider, liliandika kwamba mji mzima ulikuwa ukifa polepole. EPA ilituma kikosi cha dharura mwezi huohuo. Kikosi kilipouliza madini yalikuwa yakipelekwa wapi, vitabu vya mauzo vikatoa jibu: kila mahali. Ramani ya Libby ikageuka ramani ya Marekani. Wakala wa shirikisho unaoshughulikia sumu na magonjwa ulichagua vituo 28 vya kuchunguzwa kwanza, na Minneapolis ilikuwa mojawapo.

Kumkatia jirani nyasi

Kusafisha asbesto kunaonekana kama kazi ya kubeba udongo, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Wafanyakazi huvaa ovaroli nyeupe za kutupwa na barakoa za kuchuja hewa. Udongo hulowanishwa kabla jembe halijaugusa, kwa sababu nyuzi zilizolowa haziruki. Kijiko hukwangua tabaka la juu la uwanja, sentimita 30 hivi, na kwenye bustani za mboga huenda chini zaidi, maana huko jembe la mwenye nyumba hufika. Panapobaki vemikulaiti chini ya hapo, hutandazwa wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa kabla ya kurudishia udongo safi. Ni ujumbe kwa mtu wa baadaye atakayechimba: ukikuta rangi hii, simama. Lori hufunikwa, magurudumu huoshwa, na udongo wa Libby ulirudishwa kule ulikotoka, mlimani.

Ndani ya nyumba kazi ni ya utaratibu mwingine. Chumba huzibwa kwa karatasi za nailoni, vumbi hunyonywa kwa mashine zenye vichujio maalumu, kisha huja kipimo ambacho mgeni angekishangaa: baada ya kusafisha, mtu huingia na mashine ya kupeperushia majani na kupuliza kila kona kwa makusudi. Wanataka kujua, kama kuna unyuzi uliojificha, uruke sasa wakati pampu za hewa zinavuta, usije ukaruka mtoto anapocheza.

Upimaji wa nje ulikuwa wa ajabu zaidi. Kupima hewa iliyotulia juu ya uwanja wenye asbesto hakukuonyesha kitu, kwa sababu nyuzi zililala. Kwa hiyo walipeleka watu waliovaa pampu ndogo kifuani, wakawaambia waishi: huyu apige reki, yule akate nyasi, mwingine apige magoti na kuchimba kwa koleo dogo kama mtoto. Hewa waliyoivuta ilipita kwenye kichujio, na kichujio kikawekwa chini ya hadubini ya elektroni, nyuzi zikahesabiwa moja moja.

Na kuhesabu moja moja kulikuwa na sababu. Mwaka 2014 EPA ilitoa kikomo chake kwa asbesto ya Libby, kiasi ambacho mtu anaweza kukivuta maisha yake yote bila kutarajiwa kuumia utando wa mapafu: nyuzi 0.00009 kwa kila sentimita moja ya ujazo ya hewa. Ukitandaza hesabu hiyo ni nyuzi 90 katika mita nzima ya ujazo. Kikomo cha kazini nchini Marekani, kinachohesabiwa kwa zamu ya saa nane, ni sawa na nyuzi 100,000 katika mita hiyohiyo. Mizani hizo mbili hazipimi kitu kimoja, maana moja ni ya maisha na nyingine ni ya zamu, lakini zinaonyesha kwa nini rundo la kokoto lililotapakaa kwenye nyua za watu halikuweza kuachwa na kusemwa ni dogo.

Minneapolis, viwanja zaidi ya 250 vilikutwa na masalio ya kiwanda na kusafishwa. Libby ilichukua muda mrefu kuliko hapo. Iliingizwa kwenye orodha ya Superfund, ile ya maeneo yaliyochafuliwa zaidi nchini humo, mwezi Oktoba 2002. Mpaka kazi ya nyumba na viwanja ilipokamilika mwaka 2018, mali zaidi ya 7,600 zilikuwa zimekaguliwa na zaidi ya 2,600 zimesafishwa. Eneo la mgodi wenyewe na msitu unaouzunguka ni habari nyingine: nyuzi zimenasa kwenye magome ya miti, na moto wa msitu ukiwaka huko, wazima moto hulazimika kufikiria zaidi ya moshi.

Risiti iliyo kifuani

Mwili ukivuta vumbi la kawaida, hulikohoa au hulimeza na seli zake za ulinzi. Unyuzi wa amfiboli ni mrefu kuliko seli inayojaribu kuumeza. Seli hushindwa, hufa, hutoa kemikali, nyingine huja, nayo hushindwa. Unyuzi hauyeyuki. Vita hivyo vidogo huendelea kwa miaka na kuacha kovu: utando unaofunika mapafu hunenepa na kukakamaa, kifua hushindwa kutanuka, na mtu wa miaka sitini hupanda ngazi tano akasimama. Wengine hupata saratani ya mapafu, au mesotelioma, saratani ya utando huo, ambayo chanzo chake kikuu ni asbesto.

Kuchelewa ndiko kunakoufanya ugonjwa huu kuwa mjanja. Mfano ulio wazi kabisa uko Marysville, jimbo la Ohio, ambako kiwanda cha bidhaa za bustani kilitumia vemikulaiti ya Libby. Mwaka 1980 watafiti walipiga picha za X-ray vifua vya wafanyakazi 513. Waliokuwa na mabadiliko kwenye utando wa mapafu walikuwa asilimia 2. Mtu angesema hapa hakuna balaa. Takribani miaka 25 baadaye watafiti waliwarudia 280 kati yao. Madini ya Libby yalikuwa yameshaachwa kitambo kiwandani pale, hakuna aliyeongeza hata chembe. Asilimia 28.7 walikuwa na mabadiliko.

Minneapolis nayo ilipigiwa picha. Watafiti waliwachukua wakazi 461 wa ule mtaa, watu ambao hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda, wakatazama vifua vyao. Takribani mmoja kati ya kumi alikuwa na alama kwenye utando wa mapafu, na alama hizo zilihusiana na kugusana na masalio ya kiwanda, ikiwamo kucheza kwenye lile rundo utotoni.

Kwa hiyo tuliposema kokoto za bure hazikuwa na risiti, hatukusema kweli yote. Risiti ilikuwepo. Iliandikwa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuangalia, na ilichukua nusu ya umri wa mtu kusomeka.

Mahakamani, hesabu ilikuwa ngumu zaidi. W.R. Grace iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2001, ikilemewa na madai ya asbesto. Mwaka 2008 ilikubali kuilipa serikali dola milioni 250 kwa gharama za kusafisha Libby. Mwaka 2009 kesi ya jinai dhidi ya kampuni na maofisa wake ilisikilizwa mjini Missoula, na mwezi Mei baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Juni, EPA ilitangaza Libby kuwa dharura ya afya ya umma, mara ya kwanza kwa sheria ya Superfund kutumika hivyo. Hakuna aliyetiwa hatiani, na bado kulikuwa na dharura. Wakazi wa Libby waliishi na mambo hayo mawili kwa pamoja. Mwaka uliofuata sheria mpya ya afya iliwafungulia wagonjwa wa mji ule mlango wa bima ya serikali bila kungoja uzee.

Darini na juu ya paa

Kilichobaki kikubwa ni kile kilichouzwa. Vemikulaiti ya Libby iliingia kwenye dari za nyumba nyingi za Marekani na Kanada kwa jina la biashara la Zonolite. Hili linawahusu wasomaji wetu moja kwa moja, kwani Minnesota ina Wakenya wengi na Waafrika Mashariki wengine, na wengi wao hupanga au hununua nyumba za zamani. Ukipanda darini kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1990 ukakuta chembe nyepesi za rangi ya kijivu-fedha au dhahabu iliyofifia zimemwagwa kati ya mbao, ushauri wa EPA ni mfupi: chukulia kwamba zina asbesto, usiziguse, usifagie, usiweke masanduku ya nguo za baridi juu yake, usiwaache watoto wapande huko. Kama lazima ziondolewe, aitwe mtaalamu mwenye kibali. Nyuzi zilizolala hazidhuru. Hudhuru zikiamshwa.

Kanuni hiyohiyo inafaa nyumbani. Huku kwetu asbesto haikuja kwa vemikulaiti, ilikuja kwa mabati ya saruji ya rangi ya kijivu yaliyoezekwa juu ya shule, hospitali na nyumba za watumishi tangu enzi za ukoloni. Humo nyuzi zimeshikwa na saruji, na paa zima lililotulia si sawa na rundo la Madison Street. Taabu huanza paa linapochakaa, linapotobolewa, linapokatwa kwa msumeno, au mafundi wanapolibomoa kwa nyundo na kuangusha vipande chini. Tangu 2006 kanuni za taka za Kenya zinaitaja asbesto miongoni mwa taka hatari. Kipande cha paa hilo si kifusi, hata akikitoa mtu bila senti na wewe una shimo mlangoni linalojaa maji kila mvua ikinyesha.

Huko Libby, mtu anayetaka kusimika nguzo ya uzio siku hizi huanza kwa kupiga simu. Wilaya ina ofisi ndogo ya kushughulikia masuala ya asbesto. Karani hutafuta anwani, kisha humwambia mpigaji uwanja wake ulichimbwa lini, ulichimbwa kina gani, na wapi chini ya nyasi umetandazwa ule wavu wa rangi ya chungwa. Kilichogawiwa bila maandishi, sasa kimeandikwa, uwanja kwa uwanja. Mpigaji huandika kina hicho kwenye kipande cha karatasi, hushukuru, hutoka nje na sururu, na huchimba hadi hapo tu.